Barua kwa Somo: Nimeweka nafasi ya kambi kwa jina la kuazima, na mume wangu hajui

Shikamoo Somo,

Naishi Leicester, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kwetu ni Voi, mume wangu mtu wa Tanga. Mimi nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, yeye ni dereva wa mizigo. Watoto watatu: binti wa miaka ishirini, kijana wa kumi na nne, na kitinda mimba wa saba.

Miaka miwili iliyopita kampuni moja ya samani iliuza vani zake kuukuu, mume wangu akanunua moja, Vauxhall Vivaro nyeupe. Miezi mitano alikuwa nayo pale nje ya nyumba, kila akitoka kazini. Alikata dirisha moja ubavuni, akaunda kitanda cha mbao kinachokunjwa kuwa benchi, akaweka jiko la gesi la pleti mbili, ndoo ya maji yenye bomba na betri ya taa. Choo hamna. Maandishi ya kampuni aliyabandua, lakini rangi ya chini yake haikupauka sawa na nyingine, ukisimama upande wa jua bado unasoma "samani na mazulia". Kisha tukanunua hema la ubavuni, lile turubai linaloungana na mlango wa gari. Mimi, baba na mdogo ndani ya gari, wakubwa ndani ya hema. Nilifurahi Somo, nisikufiche. Tangu nifike nchi hii sijawahi kuamka nikasikia ndege kabla ya kusikia magari.

Sasa sikia. Mara ya kwanza tulikwenda pwani ya Lincolnshire. Kambi za hapa ni viwanja unavyolipia kulala na gari lako au hema. Nafasi tuliweka mtandaoni, na kwenye fomu nilichagua "gari la kulala". Tulipofika langoni msimamizi alitoka na kikombe chake cha chai, akalizunguka gari, akasema hapa hatupokei magari ya biashara. Mume wangu akafungua mlango amwonyeshe kitanda. Hakuchungulia hata. Hela zilirudishwa kesho yake, lakini usiku ule tulirudi Leicester watoto wamelala na nguo za kuogelea mwilini.

Mara ya pili nilipiga simu mwenyewe, kambi moja ya Wales. Mama aliyepokea akauliza gari lina choo? Lina umri gani? Limeandikwaje kwenye kadi yake? Nikajibu yote. Halafu akauliza jina. Nilipolitamka akanyamaza kidogo, akasema kumejaa. Jioni binti yangu akafungua mtandao: nafasi zipo.

Mara ya tatu tulipokelewa, Derbyshire. Tukapewa kona ya mwisho karibu na mapipa ya taka, na hema la ubavuni tukalipishwa peke yake. Jumamosi shemeji yangu akaja na familia yake kututembelea, tukawa watu kumi na mmoja. Mvua ikaanza, mume wangu akaingiza jiko la mkaa ndani ya hema, akachoma mishkaki, tukapiga soga na taarab kidogo kwenye simu. Saa tano usiku msimamizi huyo na tochi yake, anasema majirani wanalalamika. Asubuhi hatukuagwa.

Mume wangu amesema basi. Anasema ni rangi yetu, tusijidanganye, gari liuzwe. Mimi nasema ni gari. Tungekuwa na lile la kiwandani, lenye choo na pazia, nani angetugusa? Kijana wetu yeye keshasema haji tena kudhalilika.

Sasa siri yangu. Nimempa binti yangu simu, yeye Kiingereza chake ni cha hapa hapa, nikamwambia aweke nafasi kwenye shamba moja huko huko Derbyshire kwa wikiendi ya sikukuu ya mwisho wa Agosti. Jina ametaja langu la ubatizo, nililoliacha nilipoolewa na kusilimu, na ubini wa mwenzangu wa kazini, Mwingereza. Amana nimeituma mimi kwa benki. Mwenye shamba akajibu kwa ujumbe: karibuni, njooni na mabuti ya mpira, shamba linatopea. Mume wangu anajua tunakwenda, lakini hajui tumekwenda kama nani. Nikimwambia najua atakachosikia: kwamba hata mkewe anaona jina lake ni mzigo. Nisipomwambia, itakuwaje pale langoni wakimwita kwa jina la mtu mwingine?

Nifanye nini, Somo?

Mama wa Vani, Leicester

*

Marahaba mwanangu.

Nimekusoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli. Ulichoniuliza ni kama umwambie mumeo habari ya jina. Lakini chini ya swali hilo kuna lingine ambalo nyinyi wawili mnagombana nalo tangu Lincolnshire: wanakataa gari, au wanatukataa sisi? Yeye kashika upande mmoja, wewe mwingine, na kila kambi mpya imekuwa ushahidi wa kesi yenu. Hata hiyo nafasi ya Agosti, nahisi, umeiweka nusu kwa ajili ya mapumziko na nusu kwa ajili ya kushinda.

Matukio yako matatu umeyafunga kamba moja kama mzigo wa kuni. Niruhusu niyafungue.

La kwanza, la magari ya biashara. Kambi nyingi Uingereza zina sharti hilo, na mara nyingi linawahusu mafundi wa ujenzi wanaokodi nafasi wiki nzima, wanaondoka alfajiri na ngazi juu ya gari. Wazungu wenye vani walizojitengenezea wanagongana nalo kila kiangazi. Hapo ungeweza kusema, umeona, nilisema ni gari! Ngoja kwanza. Mwaka 2021 tume ya usawa ya nchi hii iliibana kampuni ya Pontins, yenye vijiji vya mapumziko. Kampuni hiyo ilikuwa na orodha ya majina ya ukoo ya Kiairishi ya watu wasiotakiwa. Simu zilisikilizwa, na mwenye lafudhi ya Kiairishi alikataliwa au nafasi yake ikafutwa. Na sharti la magari ya biashara, hili hili, lilitumiwa kuwazuia Wajipsi na Watravela, jamii zenye asili ya kuhamahama. Jina, lafudhi, vani. Yote matatu uliyoyataja wewe, na waliotendewa wana ngozi nyeupe. Kwa hiyo mumeo hajachanganyikiwa, na wewe pia hujakosea. Gari na mtu wakati mwingine hukataliwa kwa sentensi moja, na aliyesimama nje ya lango hana njia ya kuvitenganisha.

Kumbuka tu kwamba yule bwana wa chai alichokiona ni vani nyeupe yenye kivuli cha "samani na mazulia", na kwenye fomu uliandika gari la kulala. Hukusema uongo. Lakini yeye hakuwa amejiandaa, na mtu asiyejiandaa hukimbilia sheria zake.

La pili, simu ya Wales, ndilo lililonikaa moyoni. Huenda nafasi alizoziona binti yako zilikuwa za mahema tu, na huenda choo ndicho kilichowakosesha. Huenda. Lakini kunyamaza baada ya jina, kisha "kumejaa" wakati hakujajaa, hilo sitakuambia ulijidhania. Sheria ya Usawa ya 2010 inamruhusu mwenye kambi kuchagua aina ya magari. Haimruhusu kukunyima huduma kwa asili yako. Unaweza kumwandikia umuulize kwa upole kwa nini alisema kumejaa. Unaweza kupata ushauri bure kutoka EASS, huduma ya ushauri wa mambo ya usawa. Ukitaka kwenda mahakamani, muda wako ni miezi sita kasoro siku moja tangu tukio lilipotokea. Ubaya wake unaujua: mambo haya yanachosha, ushahidi wa kunyamaza kwenye simu ni mwembamba, na nguvu zako za jioni unazihitaji nyumbani. Wapo wanaofuatilia wakapata nafuu ya moyo hata bila kushinda, na wapo wanaotamani wasingeanza. Wewe ni yupi, mimi siwezi kujua.

La tatu, mwanangu, hapo nakuvuta sikio kidogo. Watu kumi na mmoja mlipolipia watano? Sisi tumelelewa kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na shemeji akija huwezi kumwambia akae garini. Lakini kwenye kambi za hapa mgeni wa mgeni huombewa ruhusa mapema, na saa nne au saa tano usiku ukimya ni sheria, kwa sababu kati ya mto wako na wa jirani kuna turubai tu. Taarab ya chini ya mnazi inasafiri vizuri sana kwenye bonde la Derbyshire. Mapipa je? Sijui. Kona ile huenda ndiyo iliyobaki, huenda ndiyo mliyotengewa. Na hema la ubavuni kulipiwa peke yake ni kawaida ya kambi nyingi, si yenu tu.

Halafu jiko la mkaa ndani ya hema. Kwa hili sitaleta huenda. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na unaendelea kuitoa hata jivu likishakuwa jeupe ukadhani limekufa. Nchi hii watu wamelala ndani ya mahema na jiko lililopoa pembeni, wasiamke. Na hema lenu limeungana na gari alimolala mdogo. Mishkaki itachomwa nje, na ikinyesha mtakula mkate. Nunueni na kengele ya kugundua hewa hiyo, ni ndogo kama kiganja.

Sasa jina.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yako ilifunuka zamani bila wewe kujua. Amana umetuma kwa benki kutoka akaunti yako. Kwenye taarifa ya benki ya mwenye shamba limetokea jina lako, lile refu, la Voi na la Tanga pamoja. Na baada ya hapo ndipo alipokuandikia mlete mabuti. Nimepapigia mstari hapo kwa penseli. Inawezekana hakuangalia. Inawezekana aliangalia, akaona familia inayoazimana kadi, akaendelea na ng'ombe wake. Vyovyote vile, wewe umejificha mbele ya mtu ambaye huenda keshakuona na hakushtuka.

Una njia kadhaa, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kunyamaza, mkaenda, binti yako akatangulia kwenda kuongea pale mapokezi. Huenda ikapita. Lakini utakaa siku tatu ukiwahi kuitika kabla ya wengine, na kijana wa miaka kumi na nne ana macho. Yeye ndiye aliyesema hataki kudhalilika. Akigundua kwamba mlipokelewa vizuri kwa sababu mlikuwa mtu mwingine, atajifunza kitu ambacho hukukusudia kumfundisha.

Unaweza kumpigia mwenye shamba kabla, wewe mwenyewe kwa sauti yako, umwambie jina liliandikwa vingine, hili ndilo langu, na gari letu ni vani tuliyoitengeneza, nakutumia picha. Hatari ni kwamba atabadilika. Itauma, lakini itauma ukiwa sebuleni kwako, na barabara zote za Agosti bado ziko wazi. Ukipiga picha, piga hema likiwa limefunguliwa na mlango wazi, kitanda kimetandikwa. Ule ubavu wa "samani na mazulia" usiufiche, watauona tu.

Au unaweza kuanza na mumeo. Hapo ndipo unapoogopa zaidi, na naona kwa nini. Jina la ubatizo si jina tu kwake. Uliliweka chini kwa ajili yake, sasa umeliokota kupita nalo mlangoni. Akisikia vibaya, atasikia kwamba unarudi ulikotoka. Lakini jiulize: ulimficha kwa sababu unamwonea haya, au kwa sababu hukutaka kumwona tena anafungua ule mlango wa gari mbele ya mtu asiyechungulia? Mimi katika barua yako nimeona la pili. Yeye huenda hajui kwamba ulikuwa unamtazama yeye wakati ule, si msimamizi. Ukimwambia, anza hapo, jina lifuate. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema safari imekufa. Anaweza pia kunyamaza siku mbili halafu akaanza kukagua matairi. Wewe ndiye unayeujua ukimya wake.

Kuuza gari sisemi. Lakini hilo la kiwandani unaloliota linagharimu pesa nyingi, na kuna watu weusi wenye magari hayo ambao wangekueleza kwamba choo hakiwafumbi watu macho.

Kama mtaendelea, basi tafuteni penye desturi ya watu wa chini. Chama cha Camping and Caravanning Club kilianzishwa 1901 na wapanda baiskeli waliobeba mahema yao, na kiongozi wao, Thomas Hiram Holding, alikuwa fundi cherehani. Kina viwanja vidogo mashambani, vya wanachama, visivyozidi magari matano na mahema machache, na anayeamua ni mwenye shamba mwenyewe. Unaongea na mtu, huongei na fomu. Vingi vyake vina bomba na mahali pa kumwaga choo, basi, kwa hiyo mtahitaji choo kidogo cha kubebeka, na hapo hema la ubavuni litawafaa kwa kazi ambayo hamkuifikiria. Uanachama una kadi yenye jina. Jina la kuazima huko halipiti, labda ni heri.

Tena tangu 2023, England, mwenye shamba anaweza kufungua kambi ya muda hadi siku 60 kwa mwaka, nafasi zisizozidi 50, kwa mahema na magari ya kulala, bila kuomba kibali kizima cha ujenzi, mradi aweke vyoo na mahali pa taka. Hizi za kiangazi ndizo mara nyingi zisizojali gari limetoka kiwandani au uani. Kuna pia baa zinazoruhusu magari kulala kwenye maegesho yao, lakini hapo hema la ubavuni hulifungui, na sidhani Baba wa Tanga atapenda kuamkia hapo.

Kuhusu kadi ya gari, mumeo asikie hili kutoka kwangu kama hajalisikia. Bima yake lazima ijue kwamba vani imegeuzwa ya kulala, la sivyo siku ya ajali watamgeuka. Kubadilisha maandishi ya kadi yasomeke gari la kulala ni shughuli nyingine, na tangu 2019 mamlaka ya magari inatazama sana sura ya nje: wanataka madirisha yasiyopungua mawili upande mmoja, na vitu vingine. Yeye amekata moja. Asikate la pili kwa hasira. Kambi nyingi hazidai kadi hiyo.

Na kijana wako. Siku ya Krismasi 2021 kundi la Muslim Hikers, Waislamu wapanda milima, zaidi ya watu mia, lilipanda kilima cha Mam Tor, huko huko Derbyshire. Mtandaoni wakatukanwa. Januari wakarudi, na safari hii watu wasiowajua, wa kila rangi, wakaja kupanda nao. Usimpe kama hotuba. Mwonyeshe picha tu, mwambie ni saa mbili hivi kutoka nyumbani, kisha uende jikoni.

Niandikie baada ya Agosti, iwe mlikwenda au hamkwenda, na kwa jina lipi. Na ule ujumbe wa mabuti ya mpira usiufute kwenye simu. Siku ukiongea na mumeo, mpe ausome mwenyewe, na tarehe yake, na ya kutuma amana.

Somo wako